Watt na Silinda Yake

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kazi ya chuma ambavyo havifai kuchanganywa. Kufua ni kukitia chuma motoni mpaka kiwe chekundu, kisha kukipiga nyundo juu ya fuawe mpaka kikubali umbo linalotakiwa. Kusubu ni kukiyeyusha chuma kikawa maji, kukimimina katika kalibu, na kukiacha kigande humo kitwae umbo la kalibu ile. Wahunzi wa Ufipa, wa Uhaya na wa Upare walikuwa mabingwa wa kazi ya kwanza. Tanuri zao za udongo zilitoa chuma kwa bonge, si kwa kijito, na bonge hilo lilisafishwa kwa moto na nyundo mpaka likawa jembe au mkuki. Chuma cha kusubu kilifika pwani kutoka ng'ambo, kikiwa mizinga ya ngome, na baadaye kikiwa nguzo ndefu za Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga Unguja mwaka 1883, na ambalo sehemu yake iliporomoka mwezi wa Desemba mwaka 2020.

Tofauti ya kazi hizi mbili si ya moto tu. Ni ya macho pia. Mfuaji hukiona chuma chake tangu mwanzo hadi mwisho, na pigo likienda kombo hulirudi kwa pigo jingine. Fundi wa kusubu hana bahati hiyo. Akishamimina, kazi imetoka mikononi mwake ikaingia gizani. Kama kalibu ilikuwa na unyevu, kama hewa ilikosa njia ya kutokea, au kama chuma kilipoa upande mmoja kabla ya upande wa pili, atayajua hayo siku nyingine, udongo utakapovunjwa. Na yuko mtu wa tatu, yule aliyeagiza kitu hicho kwa haja yake mwenyewe, kitu ambacho hakiuzwi dukani na pengine hakijapata kutengenezwa duniani. Huyo yumo gizani mara mbili: haoni ndani ya kalibu, wala haoni ndani ya kichwa cha fundi. Mkononi anayo karatasi tu, aliyochorea matakwa yake.

Habari za watu wa namna hiyo ni nyingi, lakini ni chache zenye urefu na uchungu wa habari ya James Watt. Watoto wa shule hufundishwa kwamba Watt aliuboresha mtambo wa mvuke, na hayo ni kweli. Lisilosemwa sana ni kwamba kwa muda wa miaka kumi na mmoja alikuwa na ugunduzi kamili kichwani, na mtambo wa kuuzika hakuwa nao, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeweza kumtengenezea silinda.

Watt alizaliwa Greenock, katika nchi ya Uskoti, mwaka 1736, akawa fundi wa vyombo vya vipimo katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 aliletewa kielelezo kidogo cha mtambo wa Newcomen ili akitengeneze. Mtambo wa namna hiyo, ambao wa kwanza ulisimamishwa mwaka 1712, ulitumiwa kuvuta maji katika machimbo ya makaa ya mawe. Mvuke uliingizwa ndani ya silinda chini ya pistoni. Kisha maji baridi yakarushwa humo humo, mvuke ukarudi kuwa maji, na mahali pake pakabaki utupu. Hewa ya nje, kwa uzito wake, ikaisukuma pistoni chini. Kazi ikafanyika, lakini kwa hasara kubwa, kwa maana silinda ile ile ilipashwa moto na kupozwa katika kila pigo, na makaa mengi yaliteketea kwa kulipasha chuma tu. Mwaka 1765, siku moja ya Jumapili, Watt alikuwa akitembea katika uwanja wa Glasgow alipopata jawabu: mvuke utolewe nje ya silinda, upelekwe katika chombo cha pili, upozwe huko. Silinda ibaki na joto lake daima, na chombo cha pembeni kibaki na baridi yake. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba kabla hajafika mbali jambo zima lilikuwa limekwisha kupangika akilini mwake.

Akilini, naam. Sasa ilibaki chuma.

Ili msomaji aone ugumu ulikuwa wapi, hana budi kujua jinsi mtambo wa Newcomen ulivyozisamehe kasoro za silinda yake. Juu ya pistoni ya Newcomen palimwagwa maji, yakatuama humo, yakaziba kila upenyo. Silinda ingeweza kuwa pana zaidi upande mmoja, au kupinda kidogo katikati, hata pengine kidole kikapita kati ya pistoni na ukuta. Ngozi ya pistoni na maji yaliyotuama juu yake viliificha aibu hiyo. Watt hakuweza kutumia dawa hiyo. Kumwaga maji juu ya pistoni ni kuipoza silinda, na kuipoza silinda ni kuutupa ugunduzi wote. Basi yeye alihitaji pistoni iliyokaza pasipo maji, ikateleza kutoka juu hadi chini bila kuuachia mvuke njia wala kukwama, na jambo hilo lilitaka silinda yenye mviringo wa kweli na unyofu wa kweli katika urefu wake wote. Neno alilopeleka viwandani lilikuwa lile lile walilolizoea mafundi siku zote: silinda. Kitu alichokitaka hakikuwa kile walichokijua.

Silinda kubwa ya zama hizo haikutiwa umbo kwa ruwaza ya mti na mchanga, kama zinavyosubiwa sufuria na vitu vidogo. Ilijengewa kalibu. Fundi alichimba shimo mbele ya tanuri, akajenga humo mnara mfupi wa matofali, akaupaka udongo uliochanganywa na mavi ya farasi na manyoya ya wanyama. Ubao uliokatwa kwa kipimo ulizungushwa kuufuata mti uliosimama katikati, ukaukwangua udongo mpaka ukawa mviringo. Huo ndio uliokuwa kiini, nao ulishika mahali pa uwazi wa silinda. Nje ya kiini ukajengwa ukuta mwingine wa udongo na matofali, na nafasi iliyoachwa kati ya viwili hivyo ilikuwa ndio unene wa silinda. Yote yakakaushwa kwa moto, polepole. Mavi na manyoya yaliungua yakaacha vitundu vidogo vidogo, na vitundu hivyo vilikuwa na kazi yake: hewa na gesi zitokazo wakati wa kumimina hupita humo. Zikikosa njia hurudi ndani ya chuma, zikakiacha na mapovu yaliyoganda, au zikalipuka mbele ya uso wa fundi. Kisha shimo likashindiliwa mchanga na udongo, tanuri likatobolewa, na chuma kikateremka kwa mfereji kama uji wa moto.

Hata yote yakienda vizuri, chuma kina tabia zake. Futi moja ya chuma cha kusubu ikipoa hupungua kama sehemu ya nane ya inchi, kwa hiyo kalibu lazima iwe kubwa kuliko kitu kinachotakiwa. Mahali penye unene hupoa nyuma ya mahali pembamba, na pale panapopoa mwisho ndipo panapovutwa, pakaweza kupinda au kufanya pango. Uso wa ndani hutoka na mikwaruzo ya udongo. Kwa hiyo mwenye kuagiza lazima aache nyama ya ziada ya chuma ndani ya silinda ili ipekechwe baadaye. Akiacha kidogo mno, makovu hayataisha, na akiacha nyingi mno atalipia chuma cha bure na siku nyingi za kupekecha. Mambo haya hayamo katika mchoro wa mgunduzi mpaka fundi amwambie, na fundi hamwambii mpaka amwone ni mtu wa kusikiliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Watt, ambaye mikono yake ilizoea vyombo vya shaba vya kuwekwa juu ya meza, ilimpasa kuinama sana.

Mtu wa kwanza kumsaidia alikuwa John Roebuck, tabibu aliyegeuka mfanya biashara, mmoja wa walioanzisha kiwanda cha chuma cha Carron huko Uskoti mwaka 1759. Roebuck alikuwa na machimbo ya makaa yaliyojaa maji, na mitambo ya Newcomen ilishindwa kuyakausha; haja yake haikuwa ya mchezo. Alilipa madeni ya Watt, naye akapewa theluthi mbili za faida ya ugunduzi. Hataza ilitolewa mwezi wa Januari mwaka 1769, na mwaka huo huo mtambo wa majaribio ulijengwa katika kibanda nyuma ya nyumba ya Kinneil, karibu na mji wa Bo'ness, mbali na macho ya watu.

Ungedhani kwamba mshiriki mwenye kiwanda cha kusubu ndiye hasa aliyehitajiwa. Lakini silinda zilizotoka Carron hazikumfaa Watt. Kiwanda hicho kilikuwa na mashine ya kupekecha iliyobuniwa na John Smeaton, mhandisi mkuu wa zama zake. Kichwa chenye visu kilishikwa kwenye ncha ya mhimili mrefu, kikaingizwa ndani ya silinda kwa upande mmoja, na ile ncha yenye visu haikushikwa na kitu. Kwa uzito wake kichwa kililala juu ya chuma na kukifuata. Palipopinda kilipinda nacho, na palipozama kilizama nacho. Mashine hiyo iliulainisha uso bila kuunyosha. Mtambo wa Kinneil ulikuwa na silinda ya madini ya bati yenye upana wa inchi 18, nayo haikuwa mviringo sawasawa. Husimuliwa kwamba Watt alijaribu kuuziba upenyo kwa gome laini la vizibo, kwa matambara yenye mafuta, kwa karatasi, kwa kofia kuukuu, hata kwa mavi ya farasi. Mvuke ulipita tu.

Ni rahisi kuwalaumu mafundi wa Carron, na wako waandishi waliofanya hivyo. Lawama hiyo haina haki. Mafundi hao waliwatengenezea silinda wateja wengi, na wateja hawakunung'unika, kwa kuwa mitambo yao ilikuwa na maji ya kuziba. Kwa nini mtu atumie majuma mengine kutafuta unyofu ambao hapana aliyeuomba? Kosa la upana wa kidole, kwao, halikuwa kosa. Smeaton mwenyewe, aliyejua kazi kuliko wengi, husimuliwa kwamba alipouona mtambo wa Watt alisema hapakuwa na vyombo wala mafundi wa kuutengeneza kwa usahihi uliotakiwa. Maneno hayo yakitajwa leo hutajwa ili kumcheka Smeaton. Kwa mwaka alioyasema yalikuwa kweli tupu.

Miaka ikapita. Watt, ili alishe watu wa nyumbani kwake, alifanya kazi ya kupima njia za mifereji ya maji, kazi ya matope na mvua aliyoichukia. Alikuwa mtu mwenye maumivu ya kichwa ya mara kwa mara na mwenye kukata tamaa upesi. Mwaka 1773, alipokuwa mbali katika milima ya kaskazini kwa kazi hiyo, mkewe alifariki. Mwaka huo huo Roebuck alifilisika. Katika hesabu ya mali zake, wadai wake hawakuuona mtambo wa Kinneil kuwa na thamani hata ya senti moja. Mmoja tu aliukubali badala ya deni la pauni 1,200, naye alikuwa Matthew Boulton wa Birmingham.

Boulton alikuwa ameutamani mtambo huo tangu zamani. Roebuck alipotaka kumpa ruhusa ya kuutengeneza kwa ajili ya wilaya tatu tu za Uingereza, alikataa, akasema kwamba kazi hiyo ingestahili kufanywa kwa dunia nzima au isifanywe. Kiwanda chake cha Soho kilijulikana kwa vifungo, bizimu na vyombo vya fedha. Mafundi wake waliweza kuchonga vali ndogo kwa ustadi ambao Watt hakupata kuuona Uskoti. Lakini chuma kikubwa hawakukiweza. Mtambo ulifunguliwa ukapelekwa Birmingham, Watt akaufuata mwaka 1774, na swali likawa lile lile la zamani: nani atasubu silinda?

Jibu lilikuwa Bersham, karibu na Wrexham katika nchi ya Wales, na jina lake lilikuwa John Wilkinson. Mtu huyu hakufanana na Watt kwa lolote. Watt alinong'ona na kuogopa, Wilkinson aliamrisha. Alikipenda chuma mapenzi ambayo majirani zake waliyaita wazimu. Mwaka 1787 aliteremsha majini mashua ya chuma, watu waliotarajia kuiona ikizama wakatahayari. Alitoa sarafu za shaba zenye sura yake mwenyewe, kana kwamba ni mfalme. Na alijiwekea jeneza la chuma. Mtu wa namna hiyo huchosha katika mazungumzo. Lakini mgunduzi mwenye karatasi isiyoeleweka humhitaji, kwa kuwa yeye huchukua neno «haiwezekani» kama matusi yake binafsi.

Wilkinson alikuwa msubu mizinga. Mwaka 1774 alipata hataza ya njia mpya ya kazi hiyo: mzinga ulisubiwa mzima bila tundu, kisha ukazungushwa huku chombo cha kukatia kikisukumwa ndani yake, likapatikana tundu nyofu. Silinda ya mtambo haiwezi kufanyiwa hivyo, kwa maana ni kubwa mno na iko wazi pande zote mbili. Lakini mtu aliyekwisha kuuonja unyofu wa kweli hakuridhika tena na kupinda. Kwa silinda alitengeneza mashine nyingine, na wazo lake, likishaelezwa, huonekana jepesi hata mtu akashangaa kwa nini halikumjia Smeaton. Mhimili mnene ulipitishwa ndani ya silinda kutoka mwisho mmoja mpaka wa pili, ukashikwa barabara kwa nje pande zote mbili. Silinda ikafungwa isitikisike. Visu vikaachwa vitembee juu ya mhimili huo unaozunguka, kutoka upande huu hadi upande ule. Sasa kisu hakikulala tena juu ya chuma wala kukifuata, kilifuata mhimili. Palipopinda palikatwa, na palipozama pakaachwa. Ndani ya silinda ukazaliwa mviringo ambao haukutoka katika kalibu.

Mwaka 1775 Wilkinson alisubu na kuipekecha silinda ya chuma ya inchi 18, ikawekwa mahali pa ile ya bati katika mtambo uliotoka Kinneil. Mtambo ule ule uliomtesa Watt katika kibanda cha Uskoti ukafanya kazi. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza likaiongeza muda hataza yake hadi mwaka 1800. Mwezi wa Machi mwaka 1776 mtambo mkubwa ulianza kuvuta maji katika machimbo ya Bloomfield, huko Tipton, wenye silinda ya upana wa inchi 50. Boulton, akiandika habari ya silinda hiyo, alisema kwamba hapana mahali popote ilipokosa kwa unene wa shilingi kuukuu. Shilingi hiyo ni ya fedha, nyembamba, iliyolika kwa kupita mikononi mwa watu. Kutoka upenyo wa kidole hadi unene wa shilingi: huo ndio umbali uliokuwa kati ya wazo la mwaka 1765 na mtambo wa mwaka 1776.

Mtambo wa pili wa mwaka huo haukwenda mbali. Wilkinson aliuagiza mwenyewe, wenye silinda ya inchi 38, kwa ajili ya tanuri lake la Willey karibu na Broseley, si kwa kuvuta maji bali kwa kupulizia upepo tanurini. Hapo fundi akawa mteja. Mvuke uliofungwa ndani ya chuma alichokisubu yeye ukawa unaukoleza moto wa kuyeyushia chuma kingine. Hakuna shahada nzuri zaidi ambayo mwenye kiwanda aweza kumpa mtu aliyemletea mchoro.

Kwa muda wa karibu miaka ishirini biashara iliendeshwa kwa utaratibu ambao leo waweza kuonekana wa ajabu. Boulton na Watt hawakuuza mtambo mzima. Walitoa michoro, maarifa, na sehemu ndogo zenye ustadi kama vali. Mteja aliagiza silinda mwenyewe, na aghalabu alielekezwa kwa Wilkinson. Malipo yao yalikuwa theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, yakilinganishwa na mtambo wa zamani, mwaka baada ya mwaka. Kazi ikawa ya karatasi. Barua na michoro zilikwenda na kurudi, na kila kipimo kilitakiwa kibaki na nakala, kwa sababu silinda iliyosubiwa kwa kipimo kisichokumbukwa ni chuma chakavu chenye bei kubwa. Mwaka 1780 Watt akapata hataza ya mashine ya kunakili barua kwa kukandamiza karatasi nyembamba yenye unyevu juu ya wino mbichi. Ugunduzi huo hautajwi sana, nao ulidumu katika maofisi zaidi ya miaka mia moja.

Lakini karatasi inayompa fundi uwezo wa kukutengenezea kitu humpa pia uwezo wa kukitengeneza pasipo wewe. Wilkinson alikuwa na michoro. Alikuwa na kalibu, mashine na mafundi waliokwisha kusubu silinda za Watt kwa makumi. Alijua unene, vipimo na nafasi za kila tundu. Kitu pekee alichokosa kilikuwa ruhusa, na ruhusa haina uzito wa chuma. Mnamo mwaka 1795 Wilkinson aligombana na ndugu yake William, mshiriki wake katika kiwanda cha Bersham, ugomvi uliofika mpaka kazi ikasimama. William, kwa hasira, aliwafunulia Boulton na Watt jambo ambalo hawakulijua kwa ukamilifu: kwamba kwa miaka mingi John alikuwa akiwatengenezea watu mitambo ya namna yao kwa siri, bila kuwaarifu na bila kuwalipa haki yao.

Hapo hukumu si nyepesi kama inavyoonekana mara ya kwanza. Ahadi ni ahadi, na Wilkinson aliivunja. Hata hivyo ni haki kutazama mizani ya upande wake. Hataza yake ya mizinga ilifutwa mwaka 1779, kwa kuwa serikali ilitaka mizinga na haikutaka mtu mmoja aimiliki njia ya kuitengeneza. Mashine yake ya kupekecha silinda hakuichukulia hataza kabisa. Watt, kwa upande wake, aliongezewa miaka na Bunge, akakusanya theluthi yake kila mwaka kwa mitambo ambayo pasipo mhimili wa Wilkinson ingebaki katika kibanda cha Kinneil. Wilkinson alilipwa bei ya chuma na kazi, mara moja, basi. Inawezekana kwamba moyoni mwake alijiona mshiriki aliyesahauliwa, si mwizi. Lakini hakusema hivyo mezani, wakati wa kuandikiana. Alisema kwa vitendo, usiku, na ndiyo maana historia haikumpa utetezi huo.

Boulton na Watt walidai malipo yao, na tena wakafanya jambo ambalo lingewashinda miaka ishirini kabla yake. Walinunua ardhi huko Smethwick, karibu na mfereji wa maji, wakajenga kiwanda chao cha kusubu, kikafunguliwa mwaka 1796. Msukumo wa kazi hiyo ulikuwa wa watoto wao zaidi, kwa maana wazee walikuwa wamechoka. Kila kitu ambacho hapo kwanza kilihitajiwa kwa barua sasa kilitakiwa kiwepo chini ya paa lao: shimo la kumiminia, winchi za kuinulia kalibu, majiko ya kukaushia udongo, mashine ya kupekecha, na watu wenye kujua kwa rangi ya chuma kilichoyeyuka kama kimekuwa tayari. Walipata kuonja, kwa gharama yao, hasara za kalibu zenye unyevu na silinda zenye mapovu, ambazo zamani zilikuwa taabu ya mtu mwingine.

Hataza ilikwisha mwaka 1800, na mwaka huo Watt akajitoa katika biashara. Wilkinson alikufa mwaka 1808, na Boulton mwaka 1809. Watt aliishi mpaka mwaka 1819, nyumbani kwake Heathfield, na juu ya nyumba hiyo, darini, alijiwekea karakana yake mwenyewe, ambayo baadaye ilihamishwa pamoja na vyombo vyake vyote ikawekwa katika Makumbusho ya Sayansi ya London. Kazi iliyomshughulisha humo katika uzee wake ilikuwa ya mashine za kunakili sanamu: ncha moja ilipapasa sura ya mtu iliyochongwa, na ncha ya pili ikakata sura hiyo hiyo katika jiwe laini au katika plasta. Vitu hivyo vilikuwa vidogo, vya kuwekwa juu ya meza, kama vile vyombo vya shaba vya ujana wake huko Glasgow. Alifanya peke yake, mbele ya dirisha, na kila kosa aliliona lilipotokea.